Kuoda vitu onlaini bila kuchanganya idadi: kwanza uliza moja ni ngapi

Mimi ni fundi wa nguo, niko na kaduka Kawangware, Nairobi, cherehani mbili na ovaloki moja, ile mashine ya kumalizia kingo za nguo, ambayo siku zingine inaamua yenyewe kama itafanya kazi. Desemba moja nilikuwa na oda ya mashati 40 ya shule, na fundi yeyote anajua Desemba iko aje, wazazi wanataka yunifomu kabla shule zifunguliwe Januari na hakuna mtu ana masikio ya stori. Sasa badala ya kupoteza nusu siku kwa jam nikienda tao kutafuta vifungo nikasema wacha nioda onlaini. Nikaona picha, vifungo vyeupe vimejaa sahani mpaka vinamwagika, kichwani nikajua hiyo ni grosi, yaani vifungo 144, nikaandika 2. Grosi mbili, vifungo 288, mashati yangu yote yameisha. Nikalipa shilingi 120 na deliveri 250.

Kesho yake kijana wa boda akapiga simu, nikatoka nje, akanipa kabahasha kamezungushiwa selotepu, kepesi ni kama hakuna kitu. Vifungo 24. Walikuwa wanauza kwa dazeni, mbili yao ilikuwa dazeni mbili. Vilitosha mashati matatu vikabaki vitatu, na mashati 37 yakakaa wazi kifua mpaka nikapanda matatu nikaenda tao vilevile, safari niliyokuwa naikwepa.

Cha kuuma zaidi ni kwamba hakuna mtu alinidanganya. Chini kabisa kwa maelezo, pale mtu hafikangi, ilikuwa imeandikwa 12 pcs. Na bei yenyewe ilikuwa inaniambia, grosi ya vifungo kwa shilingi 60 unaipata wapi wewe? Nililipa deliveri mara mbili ya bei ya mzigo na bado sikushtuka.

Tangu hiyo siku niko na utaratibu wangu. Nauandika hapa ju naona mafundi, watu wa hoteli, watu wa salon, walimu wa shule ndogondogo, wote wanalia kilio kimoja. Mifano mingi ni ya kushona ndio najua, lakini badilisha tu jina la kitu na itakufaa.

Hatua ya 1: Piga hesabu kabla ya kushika simu

Chukua karatasi na uandike unachohitaji kwa kimoja kimoja. Usiandike paketi, usiandike dazeni, andika vifungo. Shati langu la mikono mifupi linakula vifungo 7, sita mbele na kimoja cha akiba nashonea ndani kwa pindo, kwa hivyo mashati 40 ni vifungo 280. Alafu ongeza vya kupotea, ju kuna vya kuanguka chini ya meza na kuna vya kuvunjwa na sindano, 288 kwangu inabakisha nane tu na hiyo ni kidogo.

Hii namba ya karatasi ndio mfalme. Kila kitu utaona kwa simu utakirudisha kwa hii namba. Ukianza na simu, saiti ndio itakupangia hesabu, na saiti haijui una mashati mangapi.

Hatua ya 2: Uliza moja ni nini, alafu ndio uulize ngapi

Hapa ndio watu wengi wanaanguka kwa hivyo nitakaa kidogo.

Dukani hii shida hakuna. Ukienda Kamukunji uambie muuzaji "nipatie mbili", anainua kitu mnakiona wote wawili, kama ni paketi unaona ni paketi. Onlaini hiyo mbili imening'inia hewani. Mbili gani? Kwa hivyo kabla ya kitu kingine tafuta kitengo, yaani ukiandika 1 watakuletea nini mlangoni.

Picha usiiamini. Sisemi wanakudanganya, picha ni ya kupendeza tu, mtu anapiga picha ya mzigo wote alionao. Jina la bidhaa pia lina haraka zake, utaona "vifungo vya shati jumla" na hiyo jumla haina namba. Shuka mpaka kwa maelezo, hadi mwisho, utafute hivi vifupisho: pcs au pc ni kimoja kimoja, pkt ni paketi na lazima ujue paketi ina ngapi, doz ni 12, gross ni dazeni 12 ambazo ni 144, ctn ni katoni, pair ni jozi. Roli ni roli, lakini ya urefu gani? Set ndio mbaya kuliko zote ju haina maana moja, set ya sufuria inaweza kuwa sufuria tatu na vifuniko vitatu, wengine wanahesabu hapo ni vitu sita, na hawajakosea kuhesabu.

Kuna vipimo vya kila siku ambavyo tumezoea mpaka hatuulizi, na hapo pia kuna mtego. Trei ya mayai ni 30, sawa. Rimu moja ni karatasi 500 na katoni yake kwa kawaida inabeba rimu tano, mwalimu akiandika 5 akifikiria rimu na kumbe ukurasa ni wa katoni, amejiletea rimu 25. Bale ya unga tumezoea ni paketi 12 za kilo mbili, kilo 24, lakini kuna bale ya paketi 24 za kilo moja, uzito ni uleule ila kama wewe unauza kwa paketi hesabu yako imeharibika.

Alafu kuna zile namba ambazo ni za saizi na si za idadi. Hizi zimemaliza mafundi wapya. Sindano ikiandikwa 90/14 hawasemi ziko 14, hiyo ni unene, 90 maana yake ni milimita 0.9. Zipu No. 5 si zipu tano, ni ukubwa wa meno. Uzi 40/2 si roli mbili, ni uzi wa namba 40 uliosokotwa nyuzi mbili. Kifungo 18L ni upana, ile L ni kipimo cha zamani cha vifungo, 40 zinafanya inchi moja, kwa hivyo 18L ni kama milimita 11 na nusu, ndio kifungo cha kawaida cha shati. 24L ni kama milimita 15. Niliwahi kuona mtu kwa grupu yetu ya mafundi akilalamika ameoda vifungo 24 ameletewa kimoja, kumbe alioda kimoja cha 24L cha sampuli. Tulicheka lakini kimoyomoyo nilikumbuka bahasha yangu.

Kitu ingine, angalia ile sehemu ya kuchagua, pale unafungua inateremka: 50, 100, 500. Mara nyingi bei inayoonekana kwanza ni ya ile ndogo kabisa, na picha ni ya ile kubwa kabisa. Usipogusa hapo unapata ndogo. Gusa kila chaguo uone bei ikibadilika, ndio utajua saiti inakuuzia ipi.

Kama umesoma yote na bado hujajua moja ni ngapi, uliza muuzaji. Asipojibu, nunua kwingine. Sina msimamo mwingine hapo.

Hatua ya 3: Gawanya bei mpaka kwa kimoja

Bei gawanya kwa idadi. Kama ni paketi ya zipu 10 kwa shilingi 150, zipu moja ni 15. Sasa jiulize, hii kitu mimi hununua pesa ngapi River Road au Eastleigh? Kama jibu linakaribiana, uko sawa. Kama onlaini imekuwa rahisi mara kumi, usishangilie, hujasoma idadi vizuri. Ikiwa ghali mara kumi pia, huenda ni bei ya katoni umeona ukafikiria ni ya paketi.

Hesabu ya dakika moja na simu iko na kikokotoo. Ingeniokoa.

Hatua ya 4: Yadi si mita, na mita tano si lazima ziwe kipande kimoja

Yadi moja ni mita 0.9144. Kwa kitu kidogo huoni tofauti, kwa roli unaiona. Roli ya lastiki ya yadi 100 ni mita 91 na kidogo, umekosa karibu mita 8 na nusu. Kama sketi moja inakula sentimita 60 za lastiki kiunoni, hizo ni sketi 14 ambazo ulishamwahidi mtu. Uzi mkubwa wa ovaloki pia, utaona 5000 na wala hakuna mtu anasema ni 5000 za nini, yadi 5000 ni kama mita 4570.

Kitambaa ndio kina vituko. Kwanza upana, cha inchi 45 na cha inchi 60 vyote vinauzwa kwa mita, na mita ya kimoja si kazi sawa na mita ya kingine, kwa hivyo idadi ya mita uliyozoea inashikana na upana uliozoea. Pili, kuna saiti za nje zinauza kwa nusu mita, ukiandika 4 unapata mita mbili. Na tatu, hii iliwahi kumtoa jasho mwenzangu anayeshona pazia, aliandika 5 pale moja ni mita moja, akaletewa vipande vitano vya mita moja moja vimekunjwa vizuri kabisa. Mita tano aliletewa, huwezi kusema hakuletewa. Pazia ya viraka nani atanunua? Andika kwa sehemu ya maoni ya oda: KIPANDE KIMOJA, KISIKATWE. Kwa herufi kubwa, kelele hapa inaruhusiwa.

Zipu ya roli nayo ujue mara nyingi inakuja mnyororo peke yake, vile vichwa vya kuvuta vinauzwa kando. Utakuwa na yadi 100 za zipu ambazo hazifungi.

Hatua ya 5: Kale kasanduku ka idadi na jumla ya mwisho

Ukifungua ukurasa, kasanduku ka idadi huwa tayari kana 1. Ukigusa na kuandika 5 bila kufuta hiyo 1, unapata 15, ama 51 kama kidole kiligusa upande wa kushoto. Mimi nilitaka paketi 5 za zipu nyeusi za inchi 7, zipu 50 za sketi, zikaja paketi 15. Kosa langu, hapo sina wa kulaumu. Futa kwanza, andika, alafu ondoa kidole uangalie imeandika nini.

Neti ikizunguka, usibonyeze tena na tena. Kila bonyezo linaweza kuongeza. Ngoja, ama toka uende kwa sehemu ya oda zako uone kama imeingia, angalia na SMS, ndio ujaribu upya. Na ufungue kikapu chote kabla ya kulipa ju kikapu kinakumbuka, ile kitu uliweka wiki jana ukaghairi bado imekaa humo inakungoja.

Alafu soma jumla. Hata kama utalipa mzigo ukifika, haswa kama utalipa mzigo ukifika, ju watu hawaangaliangi jumla wakijua pesa haitoki saa hii. Jirani yangu anauza juisi, mama mchapakazi sana, alitaka vikombe 200 vya kubeba. Ukurasa ulikuwa wa paketi ya vikombe 50. Yeye akaandika 200, ju si anataka 200? Akabonyeza kulipa mzigo ukifika, akarudi kwa blenda yake. Siku ya pili simu ikalia nikiwa hapo kwake:

"Mathe, hii mzigo nashukishia wapi?"

"Si ulete tu hapa kwa meza."

"Kwa meza? Mathe nimekuja na Probox."

Paketi 200. Vikombe elfu kumi, katoni kumi zimejaa Probox mpaka kiti cha mbele. Mama akasimama na tambara mkononi akaniangalia mimi kama ni mimi nimeoda. Walimalizana vizuri, nitafika hapo.

Hatua ya 6: Ukioda kwa WhatsApp, andika kama mtu wa ofisi

Tuseme ukweli, nusu ya oda zetu Nairobi hazipiti kwa saiti, unaona kitu kwa TikTok ama kwa status ya mtu unamwandikia. Hapo hakuna kasanduku wala kikapu, ni wewe na yeye, na yeye anajibu wateja 30 akiwa amesimama kwa kaunta. Voice note usitume. Hataisikiliza tena akipakia mzigo. Na usiseme "nitumie kama ile ya siku ile", yeye hakumbuki siku ile.

Mimi natuma hivi, naikopi tu nabadilisha namba:

"Habari boss. Nataka vifungo vya shati vyeupe, 18L, matundu manne. Jumla vifungo 288, yaani grosi 2, kila grosi 144. Niambie bei ya grosi moja, bei ya zote mbili, na deliveri mpaka Kawangware."

Umeona imesema idadi mara mbili, kwa kimoja kimoja na kwa kitengo? Hiyo ni makusudi. Mkiwa hamuelewani, hizo namba mbili zitagombana na mmoja wenu ataona kabla pesa itoke.

Akijibu "sawa customer wangu" hajajibu. Hiyo ni salamu. Mwambie kwa heshima, "naomba uniandikie wewe idadi unatuma na jumla ya pesa". Wengine wanaona unasumbua, wacha waone. Siku moja nilimbana hivyo muuzaji akaniandikia "vifungo 200", nikamuuliza si nimesema 288, akasema grosi yake yeye ni paketi ya mia. Kwake neno grosi ni paketi kubwa tu, alilichukua kwa watu hivyo na anaendelea nalo hivyo. Tukakubaliana paketi tatu, 300, kila mtu akaenda na furaha.

Ukioda nje ya nchi, China ama kwingine, angalia vitu viwili zaidi. MOQ ni kiwango cha chini wanakubali kuuza, bei inaonyeshwa ya kimoja lakini hawakuuzii kimoja. Na nchi zingine za Ulaya wanaandika elfu moja kama 1.000, nukta mahali sisi tunaweka koma, usisome ni moja.

Hatua ya 7: Weka ushahidi kabla pesa itoke

Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha pesa ngapi, kwa nani, saa ngapi. Hausemi ulinunua nini. Mkianza kubishana kama ilikuwa dazeni ama grosi, huo ujumbe hauna msaada. Kwa hivyo piga skrinshoti tatu: ukurasa wa bidhaa pamoja na yale maelezo ya chini, kikapu chenye jumla, na ujumbe wa kuthibitisha oda. Zipige kabla ya kulipa ju maelezo yanaweza kubadilishwa jioni, na hutakuwa na la kusema.

Kama ni till, ile namba ya duka ya kulipia M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ukubali pesa itoke. Na kama ulituma kwa namba ya mtu na ukakosea, ule ujumbe wa M-Pesa ufowadi kwa 456 mara moja, usingoje kesho. Lakini ujue hiyo ni ya kukosea mahali pesa imeenda, si ya kukosea idadi ya vifungo.

Hatua ya 8: Fungua mbele ya mwenye boda

Ndio ana haraka. Mwambie "bro, dakika mbili tu" na uanze kufungua, usiombe ruhusa. Washa kamera ya simu ukiwa unakata selotepu, bahasha ionekane imefungwa, ndio mtu asiseme ulitoa vingine. Kama ni paketi, hesabu paketi, fungua moja uhesabu ya ndani.

Vitu vidogo usihesabu kwa kidole, utakesha. Niko na mizani ya jikoni ya dijitali, ile ya kupima unga wa keki. Nahesabu vifungo 50, napima. Tuseme ni gramu 15. Basi vifungo 288 lazima viwe kama gramu 86. Naweka vyote kwa mizani, ikisoma 84 ama 88 sina maneno, ikisoma 60 tunaongea. Hii inafanya kazi kwa shanga, kwa misumari, kwa vijiti vya smokie, kwa chochote kilicho na saizi moja. Kumbuka kutoa uzito wa paketi, niliwahi kusahau nikamsingizia mtu.

Ikiwa haijatosha, usiandike kwamba umepokea yote. Andika kwa karatasi yake "nimepokea pungufu, vifungo 24 badala ya 288", tia sahihi, piga picha. Kijana wa boda si mwenye makosa, usimfokee, yeye amepewa bahasha imefungwa.

Hatua ya 9: Ikishaharibika

Kwanza jua kosa ni la nani, na uwe mkweli, ju namna ya kuongea inabadilika.

Kama wao ndio wameleta pungufu na ushahidi uko, sheria iko upande wako. Sheria ya kuuza bidhaa ya Kenya, ile ya Sura ya 31, inasema ukiletewa chini ya mlichokubaliana unaweza kukataa mzigo wote, ama ukubali ulicholetewa na ulipe hicho tu kwa bei mliyopatana. Wakileta zaidi, unaweza kuchukua zako na kurudisha zilizozidi, ama kukataa zote, lakini ukizikubali zote unalipa zote, hakuna cha "mlileta wenyewe". Hiyo ya mwisho watu hawaipendi. Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, na ikifika mahali pabaya kuna Mahakama ya Madai Madogo, inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na unaweza kwenda mwenyewe bila wakili. Kwa vifungo vya shilingi 120 hutaenda huko, lakini mtu aliyeoda viti vya hoteli akaletewa nusu anaweza kuhitaji.

Kabla ya sheria, ongea. Ujumbe mmoja ulio na picha ya ulichooda, video ya ulichopokea na ombi moja wazi: niongezee zilizobaki ama nirudishie pesa za zilizobaki. Ukianza na matusi unazuiwa, na ukishazuiwa unaanza upya na namba ya shemeji yako.

Kama kosa ni lako, kimbia. Simu, si ujumbe. Kabla mzigo haujatoka stoo, wengi wanabadilisha idadi bila shida, ni karatasi tu. Ukishatoka, mzigo umekula mafuta, kwa hivyo jitolee kulipa usafiri kabla hawajakuomba. Yule mama wa juisi ndio alifanya hivyo. Alimwambia dereva ukweli, akampigia sapulaya, akasema "ni mimi nimekosea kuandika, nachukua katoni moja nalipa saa hii, tisa nirudishe na mafuta ya gari ni juu yangu". Sapulaya alinung'unika kidogo akakubali. Alitaka vikombe 200 akabaki na 1,000, vilimchukua wiki kadhaa, havikuoza. Hawangekubaliana hivyo kama katoni zingefunguliwa, kwa hivyo ukiona mzigo umezidi usipasue hata moja mpaka mmalize kuongea.

Mimi na zipu zangu sikuweza kurudisha, duka lilikuwa linasema kabisa kwamba haliwezi kupokea vitu vya kushonea vikishatoka. Paketi 5 nilikuwa nazihitaji, paketi 4 nikaweka akiba ju zipu nyeusi ya inchi 7 inaisha tu, na paketi 6 nikaamua kuuza. Nikaweka picha kwa grupu ya mafundi nikaandika: "Zipu nyeusi inchi 7, niko na paketi 6, moja 140, niko Kawangware."

Wa kwanza kujibu akaandika: "Moja zipu ama moja paketi? Na paketi iko na ngapi?"

Nikafuta nikaandika upya.